Mwanangu njiti anatimiza mwaka, nataka kuchangishia wodi. Ninunue nini?

MamaWaMoro
Habari zenu wapendwa. Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 29, gramu 1,150. Presha ilipanda, nikapelekwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Sasa hivi anasimama kwa kushika kochi na anamvuta paka mkia. Mwezi wa kumi na moja anatimiza mwaka, na tarehe 17 ya mwezi huohuo ni Siku ya Mtoto Njiti Duniani. Baba yake anataka tenti, muziki na keki. Mimi nataka hela ya tenti iende wodini, ndugu na marafiki waongezee.

Wodi ile naijua. Unakamua maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, siku za mwanzo unapata kijiko kimoja cha chai, nesi anayavuta kwa sirinji na kuyapitisha taratibu kwenye mrija wa puani. Baadaye nikaanza kangaroo: mtoto ana nepi, kofia na soksi tu, unamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, kanga juu. Asubuhi aliyoongezeka gramu 15 nililia mpaka mama wa kitanda cha pili akaja kunipa pole, akidhani nimefiwa.

Nilifikiria mashine ya joto. Shemeji yangu anasema tupeleke maziwa ya kopo na pampasi, tupige picha, tuondoke. Mnanishauri nini? Na hela nizikusanyeje bila maneno? Harusi watu wanatoa laki bila kuulizwa mara mbili, nikitaja njiti naambiwa "si kashapona?"

NesiWaZamuYaUsiku
Hongera mama, mtoto akue. Niko wodi ya watoto wachanga, kwa hiyo naomba niseme waziwazi. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea usilete. Kanuni za nchi zinakataza kuyagawa hospitalini kama zawadi, na utumbo wa njiti bado mchanga: maziwa ya kopo yanaongeza hatari ya utumbo kuvimba mpaka kuoza. Sisi tunalisha kwa mrija, akikomaa kidogo kwa kikombe. Vikombe vile vidogo leta.

Mashine ya joto ni nzuri, ila ikija bila vipuri na bila fundi wa vifaa tiba anayeifahamu, umetuletea kabati. Kifua cha mama hakikatiki umeme. Kuna utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ukachapishwa 2021: watoto walioanza kangaroo mara tu walipozaliwa, bila kusubiriwa watulie kwanza, hatari yao ya kufa ilipungua kwa robo. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka uliofuata, na linataka mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa niambie, mtu mwenye mshono wa juzi atakaa saa 8 kwenye kiti cha plastiki? Sisi tunakwama hapo. Viti vya kuegemea, basi. Lakini umwone kwanza muuguzi kiongozi wa wodi, usinunue kitu kwa maneno yangu ya mtandaoni.

Halafu wanaokuuliza kama kapona: umri wake hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa. Toa wiki 11. Asikwambie mtu kachelewa.

BabaPacha_Mombasa
Wangu walikuja mapema, wawili kwa mpigo. Mama yao alikuwa analala hospitali, mimi niko kwenye matatu asubuhi na jioni na chupa ya uji. Kuna akina mama hawakuwa na wa kuwaletea hata huo uji, na maziwa yatoke wapi? Kwa hivyo tenga pesa ya chakula.

Upande wa michango, mweka hazina asiwe wewe wala mzee wako. Kila jioni orodha iingie kwenye grupu, jina na kiasi, risiti zipigwe picha. Ukitaka kuomba watu usiowajua, ulizia kibali kwanza. Na hizo picha za shemeji, hapana. Pale ndani kuna mama ambaye wake hakupona, naye bado anakamua maziwa.

Mzee_wa_Hoja
Kodi tunakatwa, bima tunakatwa. Kununua viti si kazi ya serikali?

MamaWaMoro
Ni kazi yake, mkuu, na haifanyi mpaka isumbuliwe. Likizo ya uzazi ya mama wa njiti imeongezwa kwenye sheria ya kazi mwaka jana tu, 2025, baada ya watu kama Doris Mollel, naye alizaliwa njiti, na taasisi yake kuipigia kelele miaka. Wewe isumbue, mimi nikanunue viti.

Nesi, Baba Pacha, asanteni sana. Tenti nimeifuta, keki mwenzangu kaing'ang'ania, itakuwa ndogo. Mweka hazina ni wifi yangu, mkali wa hela kuliko benki. Muuguzi kiongozi kanijibu: viti vinne, na kama kitu kikibaki, waya za kipimo cha oksijeni za saizi ya watoto wachanga, zinachakaa haraka. Kuna fundi wa vitanda vya chuma Kihonda nitaongea naye, godoro nataka la leza lifutike kwa jiki. Nesi, upana wa kukalia uwe kiasi gani, na mama mnene naye atoshe?

NesiWaZamuYaUsiku
Sentimita 60, isipungue. Mikono ya kiti iwe mipana, viwiko vinachoka kabla ya mgongo. Mgongo ushuke nusu tu, mama akilala chali kabisa mtoto anateleza kutoka mahali pake. Na mwambie fundi asiweke magurudumu.