Mratibu wa huduma na maumivu sugu ya mgongo

Mkazi wa Tukuyu: Mama yangu anaumwa mgongo kwa zaidi ya miezi 3, na kila anakokwenda, iwe zahanati ya kijijini au hospitali ya mjini, huanzishiwa dawa upya. Mratibu wa huduma angemsaidiaje?

Muuguzi, Iringa: Pole, ndugu. Kazi yake kubwa ni kutunza orodha moja ya dawa zote, kwa sababu diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ni dawa za maumivu za kundi moja, zikiandikwa na matabibu wawili wasiowasiliana, huweza kudhuru tumbo na figo. Yeye haandiki dawa, bali huwaunganisha daktari, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) na familia.

Mdau, Mafinga: Pasipo na mratibu, mtoto wa mgonjwa anaweza kuandika orodha hiyo kwenye daftari na kulionyesha kila kliniki.