Beta ya kupima joto la prosesa: programu mbili, namba mbili, niamini ipi?

fundi_birere (Goma)
Wakubwa, salamu. Natengeneza mashine hapa Birere. Kuna programu ya kuonyesha joto la prosesa ambayo wenyewe wametoa beta (toleo la majaribio) kwa yeyote anayetaka kujaribu, wanaomba tuwaandikie makosa. Nimeiweka kwenye mashine ya okazio (iliyokwisha tumika) ya bureautique ya jirani, duka la kuchapa na kutoa kopi; prosesa yake ni Intel Core 2 Duo E8400. Mwenyewe ameruhusu, faili zake ziko kwenye flashi.

Ikipumzika, beta inasema digrii 62, programu ya zamani inasema 67. Nikaipa kazi nzito mpaka onduleri (UPS) ikaanza kulia: 73 na 78. Tano ile ile. Nimeshatoa vumbi la lava (mnalijua, jeusi, linaingia hata mlango ukifungwa), nimebadilisha pati ya kupitisha joto juu ya prosesa. Sasa inapumzika kwenye arobaini na kitu, lakini tano haijaondoka.

Jambo la pili: asubuhi, mashine imelala usiku mzima na Goma bado baridi, kiini cha kwanza cha prosesa (core) kinaanzia 31, cha pili kinaanzia 45 na hakishuki hapo.

La tatu ni la mashine nyingine, ya mteja, Windows 11: beta haionyeshi kitu, Defender, ulinzi wa Windows dhidi ya virusi, inafuta faili yake moja. Niwaandikie kwamba beta inadanganya?

kadutu_solda (Bukavu)
Ndugu, hapana, usiandike hivyo. Prosesa za Intel za aina hiyo hazisemi "nina digrii 73". Kihisi kinasema tu bado digrii ngapi kufika kwenye kikomo, wanakiita TjMax. Programu ndiyo inatoa: kikomo kutoa umbali. Hapo umbali wako ni 22 kwa zote mbili. Beta imeshika kikomo cha 95, ya zamani 100. Ndiyo maana tano haiongezeki wala haipungui, na hakuna pati itakayoiondoa.

Kuanzia Nehalem, kizazi cha prosesa za Intel kilichofuata Core 2, mwaka 2008, programu inasoma kikomo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa Core 2 za mezani watu walikuwa wanakisia, hadi Intel ilipotoa orodha mwaka huo huo. E8400 iliandikwa 100, na Intel wenyewe walisema ni shabaha tu, chipu moja inaweza kutofautiana na nyingine. Kwa hiyo kosa la beta lipo, ila ni la jedwali lao.

Kiini cha pili ni kihisi kilichokwama. Kwenye Core 2 za nanomita 45, kama hiyo E8400 yako, ni ugonjwa wa kawaida. Vihisi hivyo vilitengenezwa kulinda prosesa ikikaribia kikomo, huko chini havina maana sana. Mimi sisomi kabisa namba za mashine iliyopumzika.

kamalondo_pc (Lubumbashi)
Hiyo ya Defender nimeiona kwa wateja. Programu nyingi za namna hii hutumia draiva (faili ya kuongea na vifaa vya mashine) inayoitwa WinRing0 kufika kwenye prosesa. Ina udhaifu uliosajiliwa tangu 2020: programu yoyote mbaya inaweza kupita humo humo na kushika mashine nzima. Masta, usimzimie mteja ulinzi ili tu uone digrii. Angalia kwanza jina la faili iliyofutwa, na waambie watoe draiva nyingine yenye sahihi.

fundi_birere (Goma)
Asanteni. Nimeangalia, ni WinRing0 kweli. Beta nimeitoa kwa mteja, abaki na ulinzi wake.

Ila kadutu_solda, hapo kwa mashine iliyopumzika sikubaliani. Namba yenyewe inaweza kuwa ya uongo, lakini kushuka kutoka 62 hadi arobaini na kitu baada ya kusafisha si uongo, na ndicho ninachomwonyesha mwenye mashine kabla hajanilipa.

Hiki ndicho natuma: "E8400, kikomo mnaweka 95, Intel iliandika 100. Umbali kwenye kazi nzito 22, sawa na programu nyingine. Kiini cha pili hakishuki chini ya 45, nadhani ni kihisi, msikitafute kwenu. Windows 11: Defender inafuta WinRing0. Ombi: umbali hadi kikomo uandikwe kwa herufi kubwa, digrii zikae pembeni."

kadutu_solda (Bukavu)
Kwa kumwonyesha mteja, sawa, nimekubali. Ongeza namba ya toleo la beta na la Windows, bila hizo hawataisoma.