Deki ya Blu-ray yenye intaneti: diski zinapiga, programu za mtandaoni zimegoma

Kinanda Bovu:
Wakuu habari za muda huu, msaada tutani. Nina deki ya Blu-ray, zile zenye WiFi ndani na programu za kuangalia muvi mtandaoni, siyo ya 4K (zile za picha kali zaidi), ni ya kawaida tu. Nilivyoichukua niliipenda kweli maana kitu kimoja kinafanya yote, unaweka diski, unachomeka flashi, ukichoka unabonyeza kitufe kwenye rimoti unaingia mtandaoni, na TV yangu yenyewe ni flati ya zamani haina akili yoyote. Sasa mambo yamegeuka. Programu moja ukiifungua inazunguka weee halafu inasema imeshindwa kuunganisha, wakati WiFi inaonyesha imeshika na simu kwenye WiFi hiyohiyo inateleza. Nyingine imepotea kabisa kwenye menyu, sijaifuta mimi wala mtu yeyote humu ndani. Diski zangu za zamani zinapiga fresh ila kuna moja mpya nimepewa zawadi, deki inaisoma inaisoma halafu inaandika diski haitambuliki. Na flashi nayo kuna muvi zinaonekana na nyingine hazionekani, wakati kwenye kompyuta zote zipo.

Naweza kupakua programu upya nikaziweka humo kama kwenye simu? Au ndo imeshajifia? Kuna jamaa kaniambia lenzi imechoka lakini mi naona ingekuwa imechoka hata hizo za zamani zisingepiga.

Fundi Waya:
Pole mkuu. Kwanza hiyo ya lenzi usiifute haraka. Deki ya Blu-ray ndani ina leza za aina tatu, ya CD, ya DVD na ya Blu-ray yenyewe, na kila moja mwanga wake tofauti: CD inatumia nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405 ambayo ni ule mwanga wa bluu-zambarau. Moja inaweza kufa nyingine zikabaki nzima kabisa, ndo maana unakuta mtu DVD zake zinapiga vizuri akiweka Blu-ray deki inakaa kimya. Kwa hiyo tuambie hizo za zamani zinazopiga ni DVD tupu au na Blu-ray zipo? Na hiyo mpya kasha lake ni rangi gani, la bluu au jeusi?

Upande wa mtandao, kabla ya kitu chochote nenda kwenye setingi angalia tarehe na saa ya deki. Siyo utani. Programu hizi zikiongea na seva zinakagua vyeti vya usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa deki ikikaa imechomolewa muda mrefu saa inarudi nyuma miaka huko, inaona cheti cha leo bado hakijazaliwa, inakataa. Simu inapeta kwa sababu yenyewe saa yake inajirekebisha. Weka tarehe sahihi, kisha chomoa waya wa umeme ukutani, siyo kuzima kwa rimoti, chomoa kabisa, subiri kidogo urudishe.

Chuma Chakavu:
Tupa hiyo kitu mkuu. Nani bado anaangalia diski zama hizi? Chukua TV janja maisha yaendelee.

Mama Sabufa:
@Chuma Chakavu kaka usimdanganye mwenzio. Diski ya Blu-ray ya kawaida picha yake inafika hadi megabiti 40 kwa sekunde, na zile za 4K diski nzima inaweza kumwaga hadi 128, wakati Netflix wenyewe kwa 4K wanakwambia uwe na intaneti ya megabiti 15. Huo upungufu utauona kwenye giza, sehemu za usiku kwenye muvi zinakuwa na vibox vibox, na moshi na maji ndo kabisa. Na sauti je? Kwenye diski unapata Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio ambazo hazijapunguzwa kitu, mtandaoni sauti imebanwa ili ipite. Mwenye spika za kwenye TV hawezi kuelewa ninachosema na simlaumu, ila mwenye hom thieta ya maana anajua.

Halafu diski ikishakuwa kabatini kwako hakuna wa kuja kuiondoa. Muvi ya mtandaoni leo ipo, mkataba wao ukiisha haipo, na hela ya mwezi unaendelea kutoa.

Chuma Chakavu:
Haya dada nimekuelewa, ila mimi nyumba yangu yote wanaangalia kwenye simu wakiwa wamelala, hizo megabiti nimpe nani 😂

Kinanda Bovu:
Hahaha. @Fundi Waya nimeangalia, tarehe ilikuwa nyuma mno, inaonekana kila umeme ukikatika inarudi palepale. Nimeiweka sawa, ile programu iliyokuwa inazunguka sasa inafungua na inacheza ingawa inachukua muda wake. Ile iliyopotea bado haijarudi. Za zamani zinazopiga ni mchanganyiko, DVD zipo na Blu-ray zipo. Hiyo mpya kasha lake jeusi na juu kuna maandishi ya 4K.

Kipenga cha Mwisho:
Basi jibu lako limeshapatikana hapo mkuu. Kasha jeusi lenye 4K hiyo ni Ultra HD Blu-ray, zilianza kutoka 2016, na deki ya kawaida haiwezi kuisoma hata uibembeleze vipi. Diski ya Blu-ray ya kawaida inabeba GB 25 kwa tabaka moja au 50 kwa mawili, hizi za 4K zinafika mpaka GB 100 na namna data ilivyopangwa ni nyingine, hakuna apdeti inayoweza kuifanya deki yako izisome. Lakini usikate tamaa, fungua tena hilo kasha uangalie vizuri, mara nyingi wanaweka diski mbili, ya 4K na ya Blu-ray ya kawaida, ya pili imejificha nyuma au upande wa pili. Hiyo ndo yako.

Ikitokea hata hiyo ya kawaida inagoma, kuna mambo mawili. La kwanza ni kanda. Blu-ray za kawaida zimegawanywa A, B na C, diski ya kanda A ukiiweka kwenye deki ya B inakataa, na ukigeuza kasha nyuma utaona kaherufi ndani ya kaalama. Za 4K hazina mambo ya kanda. La pili ni funguo. Blu-ray zote zimefungwa kwa mfumo unaoitwa AACS, na diski mpya zinakuja na funguo mpya ambazo deki ya zamani haizijui mpaka uipe apdeti. Ndo maana unaweza kukuta deki nzima, diski nzima, na bado hazielewani. Hapo watu wengi wanaanza kufungua deki na bisibisi kuisafisha lenzi wakati ilikuwa inataka apdeti tu!

Fundi Waya:
Naongezea kwenye apdeti. Kama deki haiipati yenyewe kwa mtandao, ingia tovuti ya aliyeitengeneza, tafuta namba kamili ya modeli, ile iliyobandikwa nyuma ya deki na siyo iliyopo kwenye boksi, pakua faili, litoe kwenye zip, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao deki nyingi zinauelewa) jinsi walivyoelekeza. Wengine wanataka uunde folda yenye jina fulani, usipoliandika hivyohivyo deki haitaliona. Na ukishaanza usizime, umeme ukikatika katikati ya apdeti deki inaweza isiwake tena, kwa hiyo kama umeme wenu ni wa kubahatisha subiri wakati uliotulia.

Kuhusu programu iliyopotea, hiyo itakuwa wameiondoa wenye huduma au aliyetengeneza deki. Deki hizi siyo kama simu, nyingi hazina stoo ya kupakua unachotaka, zinatumia mfumo wa aliyezitengeneza na kilichowekwa ndo hichohicho. Mwenye huduma akibadilisha mitambo yake huko na aliyetengeneza deki hana mpango wa kuandika programu mpya kwa ajili ya modeli ya zamani, ndo imetoka hiyo. Siyo wewe peke yako. YouTube walifunga mfumo wao wa zamani 2015 na programu yao kwenye vifaa vingi vya 2012 kurudi nyuma ikafa, TV na deki humohumo. Netflix nao Desemba 2019 waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za zamani za Samsung na Vizio na vifaa kadhaa vya Roku. Vifaa vyenyewe vilikuwa vizima tu.

Kwa hiyo mimi deki kama hii naiona ni vitu viwili vimekaa boksi moja. Upande wa diski utakaa miaka mingi ukiutunza. Upande wa mtandao umri wake hauupangi wewe, na ile inayofungua leo usiitegemee sana. Nunua kale kadude kanakochomekwa kwenye HDMI (tundu la picha na sauti la TV) kafanye kazi ya kustrimu, deki ibaki na diski zake. Ila kachomeke kwenye TV yenyewe. Watu wanakachomeka nyuma ya deki halafu wanalalamika hakuna picha, ile tundu ya HDMI ya deki nyingi ni ya kutolea tu, haipokei.

Kinanda Bovu:
@Kipenga cha Mwisho diski ya pili ipo!! Ilikuwa chini ya ile ya 4K, nimeiweka imepiga. Ubarikiwe sana. Sasa hiyo ya 4K naitunza nikipata deki yake. TV yangu tundu za HDMI ni mbili tu, moja king'amuzi moja deki, lakini hilo nitaangalia. Na flashi je?

Mama Sabufa:
Za flashi mara nyingi ni mambo matatu. Kama flashi umeifomati NTFS au exFAT deki nyingi za zamani haziisomi au zinaisoma nusunusu, na ukiirudisha FAT32 utakutana na lingine, haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo muvi kubwa haiingii. Kilichobaki ni namna muvi ilivyobanwa. Siku hizi nyingi ni H.265, deki ya kabla ya huo mfumo kuenea haiwezi kuifungua, inaificha au inatoa sauti bila picha. Zile zinazoonekana kwako nahisi ni H.264. Kompyuta inazifungua zote kwa sababu yenyewe unaongeza programu ukitaka, deki ulichonunua nacho ndo hichohicho.

Na ukiona muvi ya flashi inaenda vizuri halafu katikati sauti inakatika ghafla na maandishi yanatokea kwenye kioo, usihangaike na waya. Hiyo inaitwa Cinavia, alama imefichwa ndani ya sauti ya muvi, na deki ikigundua ni kopi ambayo haikuruhusiwa inaziba sauti. Deki za Blu-ray zinazotengenezwa kuanzia 2012 lazima ziwe na uwezo wa kuigundua.

Sikio la Kufa:
Naomba nidandie hapohapo wakuu. Mimi deki yangu nimeunga kwa waya wa optiko kwenda kwenye sabufa, diski za DVD sauti inatoka, Blu-ray baadhi sauti inakuwa ndogo mno maongezi hayasikiki ila mabomu yanapasua masikio. Shida ni waya?

Mama Sabufa:
Waya ni mzima ila ndo ulipoishia uwezo wake, optiko haiwezi kupitisha TrueHD wala DTS-HD, inapitisha Dolby Digital na DTS za kawaida au stereo ya PCM (sauti isiyobanwa). Ingia setingi za sauti kwenye deki. Kama sabufa yako haina dikoda ya Dolby (kifaa cha kufungua sauti iliyobanwa), yaani ni ile ya spika mbili na besi, toa bitistrimu (sauti inayotumwa ikiwa bado imebanwa) weka PCM, halafu tafuta palipoandikwa daunimiksi uchague stereo. Maongezi kwenye muvi yanakaa kwenye spika ya katikati, wewe hiyo spika huna, kwa hiyo deki isipoambiwa iyachanganye kwenye mbili zilizobaki utasikia mabomu tu. Kuna na kitu kinaitwa DRC, kiwashe usiku, kinapunguza makelele makubwa na kunyanyua madogo. Mimi binafsi mchana nakizima.

Sikio la Kufa:
Daah nimeweka PCM na stereo, wanaongea kama wako sebuleni. Asante dada.

Chuma Chakavu:
Haya nimeshawishika nusu. Nikitaka kuchukua ya 4K iliyotumika naangalia nini nisipigwe?

Kipenga cha Mwisho:
Nenda na diski zako mkononi, DVD moja, Blu-ray moja na ya 4K moja, usikubali kuonyeshwa menyu tu. Ruka sehemu mbalimbali za muvi, katikati na karibu na mwisho, maana kwenye diski tabaka la kwanza la data linaanza kuandikwa ndani kwenda nje, na leza iliyochoka mara nyingi inaanza kukwama huko pembeni au pale inapohama tabaka. Sikiliza trei inavyotoka. Hakikisha inakuja na rimoti yake, deki nyingi siku hizi mbele zina vitufe viwili tu, bila rimoti setingi huzifikii. Kwenye TV yako tundu la HDMI utakalotumia liwe na HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili), bila hiyo 4K haitoki, utaangalia picha ya kawaida. Na uliza apdeti zake bado zinapatikana, maana Oppo waliacha kutengeneza 2018, Samsung wakafuata 2019, wanaoendelea wamebaki wachache.

Ukishaifikisha nyumbani irudishe kwenye setingi za kiwandani kabla hujaweka paswedi yako yoyote. Unaweza kukuta akaunti ya mwenyewe bado iko humo inafanya kazi.

Chuma Chakavu:
Akaunti ya mwenyewe ikiwa inafanya kazi naitoa ya nini sasa 😂😂

Kipenga cha Mwisho:
Yeye anaona kila unachoangalia mkuu.