Tupeane uzoefu: Picha zinaonekana kwenye msimbo, ukishafungasha programu zinapotea

#1
Wakuu, uzi huu ni wa kukusanya dawa za tatizo moja. Programu ya Python na Tkinter (maktaba ya kutengeneza madirisha, inayotumia Tk) inaonyesha picha vizuri ukiiendesha kwenye msimbo, ila ukiifungasha kwa PyInstaller (zana ya kugeuza programu ya Python kuwa faili inayojiendesha) ikawa .exe, nembo haionekani au programu inagoma kufunguka. Anayelijua aweke hatua kamili, mwenye shida aweze kufuata.

Naanza na vipimo. Usiguse kitu kabla hujauona ujumbe wa kosa. Ukifungasha kwa `--windowed` (bila dirisha la maandishi) ujumbe unaweza usionekane, kwa hiyo fungasha upya kwa `--console`, kisha endesha .exe kutoka cmd.

Ukiona `couldn't open "picha/nembo.png": no such file or directory`, faili haipo pale inapotafutwa. Ukiona `couldn't recognize data in image file`, faili ipo lakini Tk haielewi aina yake: Tk 8.6 inasoma PNG na GIF, JPG haisomi. Igeuze iwe PNG halisi au tumia ImageTk ya Pillow (maktaba ya picha ya Python). Kubadilisha mkia wa jina kutoka .jpg kuwa .png hakusaidii, ndani bado ni JPG.

Ikiwa hakuna ujumbe na nafasi ya picha iko tupu, picha ilifunguliwa ndani ya fankisheni, fankisheni ikaisha, Python ikaifagia. Ongeza `lebo.image = picha` ili lebo iishikilie.

#2
Niongezee hapo kwenye `no such file`, maana ndiko wengi wanakwama. PyInstaller inafuata `import` tu. Jina la picha lililoandikwa kama maneno ya kawaida hailioni, lazima uitaje mwenyewe:

`pyinstaller --onefile --add-data "picha;picha" main.py`

Hiyo ni ya Windows; Linux na Mac weka nukta pacha (:) badala ya nukta mkato. Na hapo ni nusu ya kazi. "picha/nembo.png" hutafutwa kuanzia folda programu ilikofunguliwa, wakati .exe ya `--onefile` (kila kitu ndani ya faili moja) hujifungua kwenye folda ya muda, ambayo njia yake iko kwenye `sys._MEIPASS`. Weka hii:

```
import os, sys
def njia(faili):
    msingi = getattr(sys, "_MEIPASS",
        os.path.dirname(os.path.abspath(__file__)))
    return os.path.join(msingi, faili)
```

Kisha kila picha iite kwa `njia("picha/nembo.png")`. Tumia mkwaju wa mbele. Ukiandika "picha\nembo.png", Python inasoma `\n` kama mstari mpya na jina linakatika katikati.

#3
Ukitaka kuhakikisha kwa macho: acha programu ikiwa wazi, bonyeza Windows+R, andika `%TEMP%`. Tafuta folda inayoanza na _MEI ikifuatiwa na tarakimu, ndiyo ile folda ya muda ya #2. Ndani utakuta base_library.zip, DLL ya Python, na folda yako ya picha kama iliingia. Haipo? Rudi kwenye `--add-data`. Ipo na picha bado haionekani? Shida ni njia ya kuifikia faili kwenye msimbo wako. Ukifunga programu folda hiyo inafutwa, kwa hiyo angalia kabla hujafunga.

Kama umefungasha kwa `--onedir` (folda badala ya .exe moja) na PyInstaller 6, angalia ndani ya `_internal`, siyo kando ya .exe.

#4
Wanaotumia faili ya .spec (maelekezo ya kufungasha ambayo PyInstaller hutengeneza): kwenye `datas`, orodha ya faili za kuongeza, kitu cha pili ni FOLDA ya kufikia. Ukiandika `("picha/nembo.png", "picha/nembo.png")` unapata folda inayoitwa nembo.png, na picha iko ndani yake. Sahihi ni `("picha/nembo.png", "picha")`. Pia ukishahariri .spec, jenga kwa `pyinstaller main.spec`. Ukirudia `pyinstaller main.py`, marekebisho yako yanafutwa.

Na `--icon` inabadilisha alama ya .exe tu. Ile ya `iconbitmap` kwenye dirisha inahitaji faili ya .ico iongezwe kama data.

#5
Wakuu, kuna hili linaloumiza wateja kabisa. Programu ya duka, muuzaji anaweka picha za bidhaa, jioni anafunga, asubuhi zote hazipo. Chanzo ni kuzihifadhi kwa ile `njia()` ya #2, yaani ndani ya _MEI, ambayo inafutwa. Fankisheni ile ni ya kusoma picha ulizofungasha wewe, basi. Za mtumiaji zipeleke kwenye folda yake:

`os.path.join(os.environ["LOCALAPPDATA"], "DukaLangu", "picha")`

Itengeneze kwa `os.makedirs(..., exist_ok=True)`. Kwenye hifadhidata weka jina la faili tu, siyo njia nzima, ili data ikihamia kompyuta nyingine picha zifunguke.

#6
Wa Java: `new ImageIcon("src/picha/nembo.png")` inafanya kazi ndani ya NetBeans (programu ya kuandikia Java), ila kwenye .jar (programu ya Java iliyofungashwa) hakuna folda ya src. Tumia `getClass().getResource("/picha/nembo.png")`. Ikirudisha null, endesha `jar tf programu.jar` ulinganishe jina herufi kwa herufi. Windows haijali Nembo.PNG na nembo.png, ila ndani ya .jar hayo ni majina mawili.