Baba amelala Kilimanjaro

Dada Mkubwa: Shikamooni wazazi. Jamani, Baba na Mama wameshaingia chumbani Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, upande wa bahari. Nimelipia usiku mmoja pamoja na chai ya asubuhi.

Mama: Marahaba. Mungu awazidishie wanangu. Baba yenu tangu tufike hajakaa kitako, anazunguka tu anashika milango.

Kaka wa Mwanza: Shikamoo Mama. Dada, kwenye kadi yako wamezuia amana?

Dada Mkubwa: Wamezuia, ndivyo hoteli kubwa zinavyofanya. Wakitoka inaachiwa. Mama, vya kwenye kifriji vinalipiwa, lakini mkitamani chukueni, msiulize bei. Leo ni yenu.

Kitinda: Kwani Baba alifanya kazi hapo lini?

Shangazi: Alianza 1971. Hoteli ilikuwa na miaka sita tu, mali ya serikali. Kaka yangu, baba yenu, alikuwa mhudumu wa vyumba. Akirudi Magomeni anavua sare mlangoni, anaitundika kabla hata hajanywa maji. Alikuwa anatusimulia muziki wa Simba Grill, ukumbi wa dansi wa hotelini, sisi tunasikiliza midomo wazi. Miaka yote ile ametandika vitanda vya watu, hakuwahi kulalia hata kimoja.

Kitinda: Mimi nilikuwa naijua Kempinski, halafu Hyatt. Hili sikuwahi kuambiwa 😢

Shangazi: Majina hayo yamekuja baadaye. Sisi tunaita Kilimanjaro.

Baba: Wanangu nipo dirishani. Pantoni inatoka Kigamboni, taa zimeshawashwa. Ndani wamebadilisha kila kitu, hata ngazi zetu sizioni. Kanisa la Azania tu ndilo nimelitambua. Ahsanteni sana.

Kaka wa Mwanza: Baba, ni haki yako. Lala vizuri.

*Asubuhi*

Mama: Mmeamkaje? Baba yenu kaamka alfajiri akatandika kitanda mwenyewe. Kona za shuka kazikunja kama bahasha, kapitisha kiganja mpaka mkunjo wa mwisho ukaisha. Nikamwambia waachie wenye kazi yao. Kasema huyo binti wa zamu ana vyumba vingi.

Dada Mkubwa: 😭 Nimeongea na mapokezi, wamekubali mkae mpaka saa nane mchana. Msiharakishe.

Mama: Tutakaa. Sasa hivi yuko koridoni na huyo binti, anamwuliza siku hizi wanapangiwa vyumba vingapi.