Kusadikika darasani: tuwape wanafunzi fumbo au jibu lake?

MwlFasihi: Wadau naomba mawazo. Nafundisha riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, ile ya 1951, na kila mwaka wanafunzi wananijia wameshakariri kwamba hiyo nchi ya Kusadikika ni koloni la Mwingereza, basi imeisha. Ukiwauliza mhusika mkuu Karama kashtakiwa kwa kosa gani, kimya. Mi naona wakae kwanza mle barazani, wamsikie mshtaki wake Majivuno anavyomkaba kwa kufundisha uanasheria, wawafuate wale wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mambo mazuri wakatupwa gerezani, ndo tuulizane hii nchi ni ipi. Mnaonaje?

KalamuNzito: Mwalimu, mtihani haumsubiri mtu. Wape jibu waandike. Tena afadhali hiyo kuliko visasili, hizi hadithi za chanzo cha mambo, kina kinyonga na mjusi, uongo wa wazee mnawapotezea watoto muda.

BintiSimulizi: Uongo wa wazee?? Hapo hapo ndugu usisogee. Kinyonga katumwa na Mungu awaambie watu hawatafa, kachelewa njiani, mjusi kamtangulia na habari ya kifo, kisa hicho kinasimuliwa kwa Wabantu wengi mpaka kwa Wazulu kule kusini. Mimi nilikisikia kwa bibi siku tumetoka kumzika babu na hakuna aliyeuliza kama ni kweli, maana tulikuwa tunajua kinaongelea nini.

KalamuNzito: Pole kwa msiba dada ila usinigombanishe na bibi yako. Nimesema mtoto afundishwe kitu cha kweli.

Msomi_wa_Usiku: Mnachanganya mambo. Kisasili kinaeleza jambo lilianzaje, istiara inasema hili ikimaanisha lile. Na utopia, neno alilolitunga Thomas More 1516 kwa Kigiriki, ni mahali pasipokuwepo, yaani nchi bora ya kufikirika. Sasa Kusadikika yenyewe ni nchi ya dhuluma, utopia iko kwenye habari za wale wajumbe, huko walikotumwa ndo kuna nchi inayotamanika. Mwanafunzi aliyepewa jibu la koloni tu hilo halioni kabisa.

MwlFasihi: Asante sana, hilo la wajumbe naanza nalo kesho. Ndo maana nataka wasome polepole.

KalamuNzito: Na silabasi atamaliza nani?

BintiSimulizi: Silabasi baadaye. Lile neno "uongo" hujalifuta, na mimi siondoki hapa.