Niahirishe masomo au niombe msaada kwanza?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Habari zenu. Tangu muhula uanze silali vizuri, ada sijaimaliza, na kwa kuwa nina uoni hafifu, slaidi za mihadhara huzisoma kwa shida hata nikiketi mstari wa mbele. Nafikiria kuahirisha mwaka. Je, mshauri nasaha akisikia haya atawaambia wahadhiri wangu?

Jibu la 1:
Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni mshauri nasaha. Mazungumzo hayo ni ya siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Usiahirishe kabla ya kuuliza, kwa maandishi, hatua hiyo itaathiri vipi mkopo, bweni na ada uliyokwisha kulipa, maana wengi hugundua hilo wakiwa wameshatia saini fomu.

Jibu la 2:
Kuhusu macho, nenda kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu ukiwa na cheti cha daktari. Mimi nilipewa muda wa ziada katika mitihani, maswali yaliyochapwa kwa herufi kubwa, na slaidi siku moja kabla ya kipindi. Nilichelewa kwenda kwa kudhani kitengo kile ni cha wasioona kabisa, na dhana hiyo ilinigharimu muhula mzima.

Jibu la 3:
Ada nayo, omba kulipa kwa awamu kabla tarehe ya mwisho haijapita, kisha uulizie mfuko wa dharura, ambao aghalabu hutoa ruzuku isiyorejeshwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Ahsanteni. Kesho naanza na daktari wa macho.